Mwongozo Kamili: Kupanga Vifaa na Wafanyakazi wa Kinu cha Maji cha Miaka ya 1790

Wengi wanaojaribu kupanga upya kinu cha unga cha karne ya 18, iwe kwa ajili ya makumbusho, kielelezo cha mbao cha darasani, tamthilia au riwaya, hukwama mahali pamoja. Huanza kwa kuchora gurudumu kubwa la kupendeza, wakaongeza jozi tatu au nne za mawe, wakajaza jengo watu wa kubeba magunia, kisha hesabu inakataa. Maji hayatoshi kuzungusha mawe hayo yote, hakuna kifaa cha kuinua jiwe linapohitaji kuchongwa, na katika wabebaji wote hakuna hata mmoja anayejua kulichonga.

Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio mwingine: kwanza mteja, kisha maji, kisha mawe, na watu baada ya hapo, isipokuwa mtu mmoja ambaye lazima apatikane mapema. Mfano unaotumika ni kinu cha jozi mbili za mawe katika eneo la Pennsylvania, Delaware, Maryland na Virginia, nchini Marekani, katika miaka ya 1790. Mahali hapo na wakati huo unafaa kwa sababu kazi ya mikono ya zamani na mitambo mipya ya mvumbuzi Mmarekani Oliver Evans ilikuwa ikifanyika bega kwa bega, na mpangaji anaweza kuchagua mojawapo bila kuvunja ukweli wa zama.

## Vifaa vya kuandaa

Andika kila kifaa pamoja na ghorofa kitakapokaa. Kinu cha aina hii ni jengo la ghorofa kadhaa ambamo nafaka hupandishwa juu na kushuka kwa uzito wake yenyewe, kwa hiyo kifaa kilichowekwa ghorofa isiyo yake huongeza kazi ya kubeba kila siku.

Vya maji: banio la mawe au magogo, mfereji wa kuleta maji, kizuizi cha fito cha kunasa matawi na barafu, lango la mbao, gurudumu la maji lenye mhimili wa mti wa mwaloni, na mfereji wa kutolea maji.

Vya kuendeshea: magurudumu yenye meno ya mbao ngumu, meno ya akiba, mhimili wa chuma kwa kila jozi ya mawe, wenzo wa kupandisha na kushusha jiwe la juu, na shahamu ya kulainishia meno.

Vya kusagia: jozi mbili za mawe, mfuniko wa mbao wa kuyazunguka, hopa (chombo cha juu cha kumiminia nafaka), kihori chembamba kinachotikisika chini ya hopa, na kengele ya kuonya nafaka inapokaribia kwisha.

Vya kuchongea mawe: kreni ya mbao yenye skrubu na mikono miwili ya chuma, visululu vya chuma kigumu pamoja na mipini yake, rula ndefu ya mbao, rula ya chuma ya kukagulia ile ya mbao, ngeu, unyoya mgumu wa bata bukini, risasi ya kusawazishia uzito, na plasta ya jasi.

Vya unga: chekeche la kuzunguka na feni ya kusafishia ngano, reki za kupozea unga, chekeche refu lililovikwa kitambaa cha hariri, mapipa na chuma cha kupigia chapa.

Vya hesabu: mizani, kibaba cha kupimia ushuru (sehemu ya nafaka anayochukua msagaji kama malipo) na daftari mbili, moja ya ngano inayoingia na nyingine ya unga unaotoka.

Kifaa kinachosahauliwa zaidi katika orodha hii yote ni kreni. Jiwe la juu lenye kipenyo cha futi 4 hadi 5 huwa na uzito wa takriban tani moja, na hakuna kundi la wanaume linaloweza kuligeuza kwa mikono bila kulivunja au kuvunjika.

## Hatua ya 1: Amua unga ni wa nani

Vinu vya wakati huo vilikuwa vya aina mbili. Kinu cha mtaa kilisaga nafaka ya wakulima wa jirani, kila mtu mfuko wake, na msagaji akachukua sehemu ya nafaka kama malipo. Kinu cha biashara kilinunua ngano, kikaisaga, kikapakia unga katika mapipa na kuupeleka bandarini kwa ajili ya kusafirishwa nje.

Uamuzi huu ndio unaopanga kila kinachofuata. Kinu cha mtaa hakihitaji mafundi mapipa wala ghala kubwa, bali kinahitaji kibaba cha haki na msagaji mvumilivu kwa wateja. Kinu cha biashara kinahitaji ghala, fedha za kununulia ngano kabla ya unga kuuzwa, na kitambaa kizuri cha kuchekechea, kwa kuwa mnunuzi wa mbali hakukubali unga wenye pumba. Msomaji anayejua tofauti ya dona na sembe ameshaelewa tofauti ya unga uliotoka moja kwa moja kwenye mawe na ule uliopitishwa kwenye hariri.

Vinu vingi vilifanya kazi zote mbili. Kinu cha George Washington kwenye kijito cha Dogue Run huko Virginia, kilichojengwa mwaka 1770 na 1771, kilikuwa na jozi mbili: moja ya mawe ya Kifaransa kwa unga mzuri wa ngano wa kuuzwa, na nyingine kwa mahindi na matumizi ya nyumbani. Mpango huo ndio tunaoufuata hapa.

*Onyo:* usipange ushuru kwa kubahatisha. Sheria za Virginia ziliweka kikomo cha thumni (sehemu moja ya nane) ya ngano na sudusi (sehemu moja ya sita) ya mahindi, na msagaji aliyezidisha alivunja sheria. Uingereza ilichukua njia tofauti: sheria ya mwaka 1796 iliwataka wasagaji walipwe kwa fedha na kubandika bei zao mahali panapoonekana.

*Dalili ya kufaulu:* unaweza kusema kwa sentensi moja nani analeta nafaka, nani anachukua unga na msagaji analipwaje.

## Hatua ya 2: Pima maji kabla ya kuchora gurudumu

Tafuta sehemu ya kijito iliyonyooka, yenye upana na kina visivyobadilika sana. Pima upana na wastani wa kina. Kisha angusha kipande cha mti juu ya maji na uhesabu sekunde kinazotumia kusafiri mita 10. Zidisha upana kwa kina kwa mwendo, halafu chukua sehemu nane katika kumi za jibu, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosugua chini na kandokando.

Mfano: upana wa mita 1, kina cha mita 0.4 na mwendo wa mita 0.6 kwa sekunde hutoa takriban lita 190 kwa sekunde. Ikiwa maji yanaanguka mita 4.5, nguvu yote iliyomo ni karibu wati 8,400.

Si nguvu hiyo yote inayofika kwenye mawe. Majaribio ya mhandisi Mwingereza John Smeaton, yaliyowasilishwa mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, mwaka 1759, yalionyesha kwamba gurudumu linalopokea maji kwa juu hutumia karibu theluthi mbili ya nguvu ya maji, ilhali linalosukumwa kwa chini hutumia theluthi moja au pungufu. Kwa hiyo kijito chetu kinatoa kiasi cha wati 5,600, sawa na farasi saba na nusu. Nguvu hiyo inatosha jozi moja ya mawe, chekeche na mitambo midogo kwa wakati mmoja. Jozi ya pili itasubiri zamu yake, na hapo ndipo wanaochora jozi nne zinazosaga kwa pamoja wanapoumbuka.

*Onyo:* pima wakati wa kiangazi. Kijito kilichopimwa baada ya mvua humdanganya mpangaji, na katika eneo hilo kuna pia majira ya baridi ambapo barafu hufunga gurudumu kwa siku kadhaa. Kalenda ya kazi ya kinu chako lazima iwe na siku za kusimama.

## Hatua ya 3: Gurudumu na meno

Kwa anguko la mita 4.5, weka gurudumu la kipenyo cha mita 4. Nafasi inayobaki hutumika juu, ili maji yaingie kwa mwendo, na chini, ili gurudumu lisiogelee katika maji yanayotoka. Gurudumu linaloogelea hupoteza nguvu kila mzunguko, na kosa hilo likishajengwa kwa mawe ni ghali kulirekebisha.

Gurudumu hilo huzunguka karibu mara 9 na nusu kwa dakika, ilhali jiwe la kusagia linahitaji kuzunguka kama mara 100. Mwendo huongezwa kwa hatua mbili za meno. Gurudumu la meno 67 likiendesha dogo la meno 22, na kwenye mhimili wa hilo dogo kukawa na gurudumu la meno 43 linaloendesha jingine la meno 12, mawe yatazunguka takriban mara 104 kwa dakika.

Idadi za 67 na 43 hazikuchaguliwa kwa mapambo. Meno 66 kwa 22 yangefanya jino lilelile likutane na mwenzake yuleyule kila mzunguko, na jino moja bovu lingekula mwenzake hadi livunjike. Namba zisizogawanyika pamoja hufanya kila jino likutane na mengine yote kwa zamu, hivyo yachakae kwa usawa.

*Dalili ya kufaulu:* ukizungusha gurudumu bila mawe, meno yanatoa mlio wa kufanana mzunguko mzima. Mlio unaoruka mahali pamoja unaonyesha jino lililopachikwa vibaya.

## Hatua ya 4: Chagua mawe

Kwa unga mweupe wa ngano, mawe yaliyosifika zaidi yalitoka La Ferté-sous-Jouarre, karibu na mto Marne nchini Ufaransa. Yalikuwa magumu, yenye vitundu vidogo ambavyo huendelea kuwa na makali kadiri jiwe linavyochakaa. Hayakuja kama jiwe moja zima. Vipande vilichongwa vikakaa bega kwa bega, vikaunganishwa kwa plasta ya jasi na kufungwa kwa mikanda ya chuma iliyovishwa ikiwa ya moto ili ikaze inapopoa. Mchoro unaoonyesha jiwe la Kifaransa kama bamba moja lisilo na mishono una kosa.

Kwa mahindi, mawe ya nchini humohumo yanatosha, na ni upotevu kuyasaga kwa mawe yaliyovuka bahari.

## Hatua ya 5: Chonga mawe na uyatungike

Hapa ndipo kinu hupata au kukosa unga, na kwa sababu hiyo mchongaji ndiye mtu wa kwanza kuajiriwa, kabla hata paa halijaezekwa. Mara nyingi ndiye msagaji mwenyewe.

Jiwe la chini halizunguki. Jiwe la juu huning'inia kwenye ncha ya mhimili wa chuma unaopita katikati ya lile la chini, na hayagusani kamwe. Kwenye nyuso zote mbili huchongwa michirizi inayotoka katikati kwenda ukingoni, na kati ya michirizi hubaki matuta mapana yaliyo bapa. Mchoro ni uleule kwenye mawe yote mawili, lakini jiwe la juu likigeuzwa kifudifudi michirizi yake hupishana na ya chini na kukatana kama makali ya mkasi. Ndiyo maana ngano hukatwa na kukwanguliwa badala ya kupondwa.

Fuata utaratibu huu:

1. Ondoa hopa na mfuniko. Ingiza mikono ya kreni katika matundu ya ubavuni mwa jiwe la juu, liinue kwa skrubu, ligeuze likiwa hewani, kisha lilaze juu ya magogo uso wake ukiwa juu.

2. Kagua rula ya mbao kwa ile ya chuma, kwa maana mbao hupinda kwa unyevu. Ipake ngeu na uiburute juu ya uso wa jiwe. Palipobaki pekundu ndipo palipoinuka, na ndipo pa kupunguza kwa kisululu. Rudia mpaka wekundu ulale kidogokidogo kila mahali.

3. Acha uso wa jiwe la juu uwe na bonde dogo kuelekea tundu la katikati, ili punje nzima zipate nafasi ya kuingia. Karibu na ukingo nafasi inayotakiwa hailingani hata na unene wa karatasi nzito.

4. Noa michirizi. Ubavu mmoja wa kila mchirizi husimama wima, wa pili hupanda taratibu hadi usawa wa tuta. Ubavu wa taratibu ukichongwa wima pia, nafaka hujificha ndani na kutoka ikiwa haijasagwa.

5. Piga mistari myembamba juu ya matuta. Fundi hodari aliweza kupiga mistari 16 ndani ya inchi moja. Mistari hiyo ndiyo inayokwangua unga kutoka kwenye pumba bila kuikatakata pumba yenyewe.

6. Kabla ya kulirudisha jiwe la juu, hakikisha mhimili umesimama wima kwa jiwe la chini. Funga ufito juu ya mhimili, na kwenye ncha ya ufito chomeka unyoya wa bata bukini uliokatwa, ukigusa jiwe kwa shida. Zungusha mhimili polepole kwa mkono huku sikio likiwa chini. Unyoya unapaswa kukwaruza kwa sauti ileile duara zima. Ukinyamaza upande mmoja, sogeza kitako cha mhimili na ujaribu tena.

7. Rudisha jiwe la juu, liache lining'inie, na utazame kama linalala upande. Upande ulio mwepesi huongezewa risasi.

Kinu kinachosaga mfululizo huhitaji uchongaji huu kila baada ya wiki mbili tatu. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuwa na jozi mbili, kwa kuwa moja inapochongwa nyingine inaingiza fedha.

*Onyo:* chembe za chuma na jiwe huruka wakati wa kuchonga. Mchongaji wa miaka mingi huwa na vidoa vyeusi vya chuma kwenye ngozi ya migongo ya mikono, na wenye vinu waliutazama mgongo wa mkono kabla ya kuamini maneno ya mwombaji kazi.

## Hatua ya 6: Panga njia ya nafaka

Ngano hupanda hadi dari, husafishwa kwa chekeche na feni, hushuka kwenye hopa, husagwa, na unga wa moto hupanda tena kwenda kupoa kabla ya kuchekechwa. Usiruke kupoza. Unga unaotoka kwenye mawe una joto na unyevunyevu, na ukiingizwa papo hapo kwenye hariri huziba vitundu vyake, ukapita nusu tu na nyingine ikatoka pamoja na pumba.

Katika kinu cha kawaida kazi ya kupoza ilifanywa na kijana mwenye reki ghorofa ya juu, akitandaza unga na kuukokota kuelekea kwenye chekeche. Evans aliiga kazi yake kwa reki kubwa inayojizungusha yenyewe. Aliongeza ukanda wa ngozi wenye vikopo unaopandisha nafaka na unga wima, pamoja na skrubu ya mbao inayousukuma unga sakafuni. Hataza yake ya Desemba 1790 ilikuwa ya tatu kutolewa na serikali ya Marekani, na Washington aliiweka mitambo hiyo kinuni mwake mwaka 1791.

Angalia tarehe. Ukiupa mpango wako mwaka 1765, vikopo vya Evans havimo. Magunia yapandishwe kwa winchi na mabega. Vivyo hivyo roli za chuma za kusagia ni za karne ya 19. Mvuke unawezekana, ila kwa nadra: Albion Mills, kinu cha London, ilianza kusaga kwa injini za mvuke za Boulton na Watt mwaka 1786, ikateketea mwaka 1791.

*Onyo la uzito:* hazina ya ngano ya siku kumi, kwa kasi tutakayoipata hapa chini, ni busheli 500. Busheli moja ya ngano ina pauni 60, kwa hiyo sakafu ya juu itabeba pauni 30,000, yaani zaidi ya tani 13. Boriti zipangwe kwa mzigo huo.

*Onyo la moto:* usiweke taa ya wazi karibu na chekeche. Tarehe 14 Desemba 1785, katika ghala la mwoka mikate mjini Turin, Italia, unga uliotimka hewani ulishika moto wa taa na kulipuka. Katika mpango wako taa iwe ndani ya kioo, itundikwe mbali na vumbi, na kufagia kuwe kazi ya mtu anayejulikana.

## Hatua ya 7: Watu

Jozi moja ya mawe mazuri husaga karibu busheli 5 kwa saa, kama kilo 136. Siku ya saa kumi hutoa busheli 50, na kwa kuwa pipa moja la unga mzuri linakula busheli 4 na nusu hadi 5, matokeo ni mapipa 10 au 11 kwa siku. Anza na namba hiyo unapoajiri.

Msagaji mkuu. Huyu husikiliza mawe, huchonga, hupokea ngano na kuikataa ikiwa mbichi au chafu. Mpe nyumba karibu na kinu, kwa kuwa maji hufunguliwa usiku pia yakiwapo. Pima tabia sawa na ufundi. William Roberts, aliyekiendesha kinu cha Washington tangu mwaka 1770, alikuwa fundi wa kusifiwa, lakini ulevi ulimfukuzisha kazi mwaka 1785, na nafasi yake ikachukuliwa na Joseph Davenport.

Msaidizi wa msagaji. Anashika zamu, anajaza hopa na kutazama lango la maji. Kinu kinachokesha hakiwezi kuendeshwa na mtu mmoja, hata kiwe na mitambo yote ya Evans.

Kijana wa reki. Mweke katika kinu kisicho na mitambo hiyo tu. Evans alitangaza kwamba mitambo yake inapunguza gharama za watumishi kwa nusu, na watu wa kwanza kupunguzwa walikuwa yeye na wapandisha magunia.

Mafundi mapipa. Kinu cha biashara hakitembei bila wao. Idadi yao itokane na mapipa 10 kwa siku ukigawa kwa mapipa ambayo fundi mmoja anayamaliza, na usisahau mbao zilizokaushwa kabla.

Wa kuitwa. Fundi wa vinu kwa ajili ya meno na gurudumu, na mhunzi wa kunoa visululu kila vinapobutuka. Hawa hawalali kinuni.

Mpango wa watu unaoishia hapo kwa eneo hili una pengo kubwa. Huko Virginia na Maryland sehemu kubwa ya kazi ya kinu ilifanywa na watumwa. Katika kinu cha Washington, mtumwa aliyeitwa Ben alifanya kazi ya usagaji, na mafundi mapipa walikuwa watumwa. Hawamo katika orodha ya mishahara kwa sababu hawakulipwa, na mpangaji anayenakili orodha ya mishahara peke yake huishia na kinu kinachojiendesha kimiujiza. Waandike kwa kazi zao na kwa majina pale yanapojulikana. Waandike kama mafundi, maana kutengeneza pipa lisilopitisha unga wala unyevu si kibarua cha mtu yeyote.

*Dalili ya kufaulu:* kwa kila kifaa katika orodha ya mwanzo unaweza kutaja jina la cheo cha anayekishika, anayekisafisha na anayekitengeneza. Kifaa kisicho na mtu kiondolewe au kitafutiwe mtu.

## Hatua ya 8: Pipa na chapa

Pipa la unga lilibeba pauni 196 za unga, bila kuhesabu uzito wa pipa lenyewe. Hizo ni karibu kilo 89. Pima pipa tupu kwanza, liandike uzito wake, ndipo ulijaze.

Unga wa kusafirishwa ulikaguliwa bandarini. Mkaguzi alitoboa pipa, akatoa sampuli kutoka ndani na kuamua daraja lake, kwa hiyo hila ya kuweka unga mzuri juu na mbaya chini haikufika mbali. Chapa ya mwenye kinu ilichomwa kwenye pipa. Ya Washington, iliyoandikishwa mwaka 1772, ilisomeka "G. Washington".

## Hatua ya 9: Kusaga kwa mara ya kwanza

Anza na ngano ya bei ndogo, kwani busheli za kwanza hubeba vumbi la mawe yaliyochongwa na hazifai kuuzwa.

Weka nafaka kwenye hopa na uhakikishe kihori kinatikisika. Inua jiwe la juu kwa wenzo, fungua lango la maji kidogo, na usubiri mwendo utulie. Ndipo ulishushe jiwe polepole huku mkono ukiwa chini ya mdomo wa kutolea unga.

Sugua unga kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Ukiunguza ngozi au ukiteleza kama uliotiwa mafuta, jiwe liko chini mno au mwendo umezidi; liinue mara moja, kwa sababu unga ulioungua hauumuki vizuri. Ukihisi punje ngumu, lishushe. Unga unaotakiwa una vuguvugu, unapita vidoleni kwa wepesi, na pumba zake ni bapa na pana, zisizo na weupe mwingi upande wa ndani.

Mawe yasizunguke bila nafaka hata kwa dakika chache. Yakikaribiana makavu hutoa cheche, hupoteza makali ya wiki nzima, na yanaweza kuwasha vumbi. Ndiyo kazi ya kengele: nafaka inapopungua kwenye hopa, uzi wake hulegea, kengele ikaangukia sehemu inayozunguka na kulia. Jaribu kengele hiyo kwa makusudi siku ya kwanza, hopa ikiwa na pishi chache tu, na uone kama msaidizi anaisikia akiwa ghorofa ya juu huku mitambo yote ikinguruma.

Wakati wa kusimamisha, funga lango la maji hopa ikiwa bado na nafaka kidogo, na uinue jiwe kadiri mwendo unavyopungua. Pima unga, pumba na makapi, ulinganishe jumla yake na uzito wa ngano iliyoingia. Busheli 5 zikishindwa kujaza pipa moja la unga mzuri, pekua pumba kwanza: zikiwa bado na unga mweupe, kosa liko kwenye uchongaji, na jozi hiyo irudi kwenye kreni kabla ya kununua ngano nyingine. Pumba zikiwa safi lakini unga umepotea njiani, tazama hariri iliyoziba na viungo vya mifereji ya mbao inayovuja.